Ndovu wa Amboseli Hulala kwa Jirani

Watu wengi wa Kenya wamezaliwa katika nchi yenye wanyama wa kila namna, lakini hawajapata kumwona ndovu kwa macho yao ila katika picha au juu ya sarafu ya shilingi ishirini. Hao husema kwamba kutazama wanyama ni mchezo wa wageni wenye motokaa na darubini. Wako na wengine, hasa wakulima na wafugaji wakaao karibu na wanyama, ambao wamewaona kupita kiasi, wala hawafahamu kwa nini mtu atoe fedha zake ili amtazame mnyama aliyekula mahindi yao jana usiku. Yafaa makundi haya mawili yote yaelezwe jambo hili sawasawa: mtu aendapo kutazama wanyama hutazama nini hasa, na ni nani aliyewaweka wanyama hao hata yeye akawakuta wangali hai. Kwa maelezo hayo hapana mahali panapofaa kuliko Amboseli.

Amboseli iko katika nchi ya Wamasai, upande wa Kajiado, mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro. Mlima wenyewe uko Tanzania, walakini uzuri wake huonekana zaidi ukiwa upande wa Kenya, hasa alfajiri na jioni kabla mawingu hayajaufunika. Msafiri atokaye Nairobi aweza kushika barabara ya Mombasa mpaka Emali, kisha akageuka kusini. Au aweza kwenda kwa njia ya Namanga. Mbuga si kubwa. Eneo lake ni kilometa za mraba 392 tu, na Tsavo Mashariki na Magharibi zikiunganishwa huizidi zaidi ya mara hamsini.

Mgeni aingiapo mara ya kwanza hushangaa, maana haoni msitu wala majani marefu. Huona tambarare nyeupe, kavu, yenye vumbi jembamba kama majivu. Sehemu kubwa ya tambarare hiyo ni kitako cha ziwa la kale lililokauka, ambalo hupata maji kidogo mvua zinapokuwa nyingi. Mchana, jua likiwa kali, mtu hudhani kwamba anaona maji mbele yake, na akikaribia hakuna kitu. Mvua ya hapo ni chache sana, karibu milimita 350 kwa mwaka, nayo haitoshi kulima chochote cha maana.

Basi wanyama wengi hivyo hunywa wapi? Hapa ndipo ilipo siri ya Amboseli. Mvua nyingi hunyesha juu ya misitu iliyo kwenye mbavu za Kilimanjaro. Udongo na mawe ya mlima huo yalitokana na moto wa volkano, nayo yana matundu mengi. Maji huzama, husafiri chini ya ardhi, kisha hutokeza tambarare kama chemchemi. Watu wengi hudhani kwamba maji hayo yatoka katika barafu ya kileleni, lakini sivyo. Barafu ni kidogo, na sehemu kubwa ya maji ni ya mvua iliyonyesha msituni. Chemchemi hizo huyalisha mabwawa yenye matete, na makubwa kati yao huitwa Enkongo Narok na Longinye. Mabwawa hayakauki hata mwaka wa njaa. Ndiyo sababu ndovu, nyati, viboko, nyumbu na punda milia hukusanyika mahali padogo, na ndiyo sababu mgeni aweza kuwaona wengi kwa siku moja bila kuzunguka sana. Na maji hayo hayo, tangu zamani, yalinywewa na ng'ombe wa Wamasai wakati wa kiangazi. Mambo yote yaliyotokea baadaye yaanzia hapa.

Kwanza na wasemwe ndovu, maana wao ndio wanaowavuta wageni. Ndovu wa Amboseli wamezidi elfu moja, na katika dunia nzima ni wachache waliochunguzwa kwa miaka mingi kama wao. Mwaka 1972 Bibi Cynthia Moss, mtu wa Marekani, alianza kuwaandika mmoja mmoja. Hawatii alama, bali huwatambua kwa masikio yao. Maana kila ndovu ana mipasuko na matundu yake ukingoni mwa sikio, na hakuna wawili walio sawa. Kwa njia hiyo ikajulikana nani ni mama wa nani, na nani alizaliwa mwaka gani. Mmoja wa majike hao, aliyeitwa Echo, aliongoza jamaa yake kwa miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 2009, naye alijulikana hata na watu wa nchi za mbali walioona sinema zake.

Jamaa ya ndovu huongozwa na jike mzee. Yeye ndiye ajuaye maji yako wapi wakati wa ukame, na wengine humfuata. Mimba ya ndovu huchukua miezi 22, na ndama huzaliwa mmoja, ni nadra wakawa mapacha. Madume wakikua hutoka katika jamaa ya mama zao wakakaa peke yao au pamoja na madume wenzao. Ndovu mkubwa hula karibu kilo 150 za majani, matawi na magome kwa siku moja. Msomaji mwenye shamba la mahindi atafahamu upesi maana ya hesabu hiyo.

Sasa yafuata mambo ambayo msafiri yampasa kuyajua kabla hajaenda. Bei ya kuingia hutofautiana kwa raia, kwa mkazi na kwa mgeni, nayo hubadilishwa mara kwa mara. Basi aulize mapema, pamoja na namna ya kulipa, maana mtu aliyetegemea noti za mfukoni aweza kurudishwa mlangoni. Si lazima awe na motokaa yake. Jamaa au walimu wakishirikiana kukodi gari moja, gharama hugawanyika. Afike asubuhi. Saa nne kamili ikishapita jua huwa kali, simba hulala chini ya miti, na mlima hujifunika.

Ndani ya mbuga, gari ni kama nyumba. Wanyama wamelizoea, na kwao gari pamoja na watu waliomo ni kitu kimoja. Mtu akifungua mlango, au akisimama juu ya paa, au akitoa mwili nje, mnyama huona kitu kipya, naye hukimbia au hushambulia. Kwa hiyo haifai kabisa kushuka, isipokuwa pale palipowekwa kwa ajili hiyo, kama kile kilima kiitwacho Noomotio, ambapo wageni huruhusiwa kupanda kwa miguu na kuyatazama mabwawa kutoka juu. Haifai kupiga honi, wala kupiga kelele ili simba ainuke, wala kuwatupia nyani chakula. Nyani aliyezoea mkate wa wageni huwa mwizi, kisha hupigwa risasi kwa kosa ambalo si lake. Wala haifai kuacha barabara. Udongo wa Amboseli ni mwepesi, na alama ya magurudumu hukaa siku nyingi. Gari moja likipita, la pili hulifuata, na majani hayaoti tena.

Kuhusu ndovu yako mambo mawili ya kuangalia. Jike mwenye ndama asizibiwe njia. Akitandaza masikio na kutikisa kichwa anasema kwamba gari limekaribia mno, na dereva mwenye akili hurudi nyuma polepole. Jambo la pili ni dume aliyeingia katika majira ya kutafuta majike. Hutambulikana kwa maji meusi yatiririkayo kati ya jicho na sikio, na kwa mkojo udondokao daima katika miguu ya nyuma. Dume wa namna hiyo hana subira. Yafaa kumwachia njia, hata kama picha yake ingekuwa nzuri kuliko zote.

Msafiri aliyefika alfajiri ataona jambo ambalo wengi hulitazama wasifahamu maana yake. Ndovu huja kwa mistari mirefu, mama mbele na watoto katikati, wakielekea mabwawani. Mchana kutwa husimama katika maji hadi tumboni, wakila matete, na ndege weupe waitwao yangeyange wamekaa juu ya migongo yao. Jioni hutoka tena kwa mistari. Wanatoka wapi, na wanakwenda wapi? Hutoka nje ya mbuga, na usiku hulala na kula huko porini. Hapana ukuta wala waya unaozunguka mbuga ya Amboseli. Mpaka wake uko katika ramani na katika mawe machache. Mbuga ni mahali pa kunywea maji. Malisho, hasa wakati wa mvua, yako katika ardhi ya Wamasai pande zote.

Wamasai na ndovu, basi, hujuana. Wachunguzi walipowasikilizisha ndovu wa Amboseli sauti za watu katika kinasa sauti, habari zilizochapishwa mwaka 2014, waliona kwamba ndovu huweza kupambanua Mmasai mwanamume na Mkamba mwanamume kwa kusikia maneno tu. Wakisikia Kimasai cha mwanamume mzima hukusanyika pamoja na kurudi nyuma. Wakisikia Kikamba hawajali sana. Na sauti ya mwanamke au ya mtoto wa Kimasai haiwatishi kama ile ya mwanamume. Sababu ni mkuki. Mfugaji agombanaye na ndovu penye maji humrushia mkuki, nao ndovu wamejifunza ni nani aushikaye.

Habari za mpaka huo ni ndefu, na hapa zitasemwa kwa ufupi. Mwaka 1948, wakati wa utawala wa Waingereza, Amboseli ilifanywa hifadhi, na Wamasai wakaachwa waendelee kunywesha ng'ombe zao humo. Mwaka 1961 ikakabidhiwa halmashauri ya wilaya ya Kajiado, ambayo ikawa ikipokea ada za wageni. Watu waliokaa karibu na mabwawa walinung'unika kwamba fedha zilikwenda makao makuu na kwao hazikufika. Vijana wengine waliokasirika, wakiogopa kwamba ardhi itachukuliwa, waliwachoma vifaru mikuki. Wengine wakawaua kwa ajili ya pembe. Katika miaka ya 1950 vifaru wa Amboseli walijulikana duniani kwa urefu wa pembe zao. Leo msafiri hataona hata mmoja.

Mwaka 1974 Serikali ya Kenya iliitangaza Amboseli kuwa mbuga ya taifa, na Wamasai wakatakiwa kuacha mabwawa. Badala yake waliahidiwa maji ya bomba nje ya mpaka, pamoja na fungu la fedha kwa ajili ya malisho yaliyoliwa na wanyama. Mabomba yalitandikwa, na ng'ombe wakatoka. Lakini mashine ya kuvuta maji hutaka mafuta, na fundi, na mtu wa kulipa. Katika miaka iliyofuata mashine ziliharibika, malipo yakakatika, na ng'ombe wakarudi mabwawani, kwa maana ng'ombe hawezi kuambiwa angoje fundi. Ni haki kusema wazi kwamba wafugaji hawakuvunja mapatano hayo wa kwanza.

Hata katika habari ya miti ng'ombe walilaumiwa. Zamani sehemu kubwa ya mbuga ilikuwa na migunga ya rangi ya manjano, na tangu miaka ya 1950 ikawa ikifa kwa wingi. Watu wengi walisema ng'ombe wa Wamasai ndio waliokanyaga na kuharibu nchi. Bwana David Western, aliyeichunguza Amboseli tangu miaka ya 1960, alionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamepanda, yakaleta chumvi katika mizizi. Baadaye vipande vya ardhi vilizungushiwa waya wa umeme ili ndovu wasiingie, na humo migunga ikaota tena. Ikajulikana kwamba ndovu waliobanwa pamoja mahali padogo hawaipi miche nafasi. Ng'ombe hawakuwa wakosaji wakuu.

Swali la nani aishike Amboseli halikwisha mwaka 1974. Mwaka 2005 Serikali ilitangaza kwamba inairudisha Kajiado, wengine wakapinga, na shauri likafika mahakamani. Na baada ya hapo limefufuliwa tena. Msafiri hana haja ya kuchagua upande. Lakini akisikia wenyeji wakibishana juu ya ada aliyoilipa mlangoni, ajue kwamba ubishi huo ni wa tangu 1961, nao una sababu.

Wenyeji nao hawakukaa wakingoja. Mwaka 1996, huko Kimana, mashariki ya mbuga, Wamasai wenye ardhi walifungua hifadhi yao wenyewe. Mwaka 2003, huko Mbirikani, ulianzishwa mfuko wa kumlipa mfugaji ambaye ng'ombe wake ameliwa na simba, kwa sharti kwamba simba asiuawe kwa kisasi. Mwaka 2012 vijana wa Kimasai walishindana kwa mara ya kwanza katika michezo ya kukimbia, kuruka na kutupa rungu na mkuki, mahali pa kwenda kuwinda simba ili waonyeshe ushujaa. Na sasa vijana wengi waliosoma hufanya kazi ya kulinda wanyama na kuwaongoza wageni katika ardhi za jamaa zao.

Hata hivyo wanyama hudhuru. Ukame wa mwaka 2009 waliouona hawausahau: ng'ombe walikufa kwa maelfu, na nyumbu wa Amboseli wakaisha karibu wote. Simba waliokosa mawindo wakaingia maboma. Mwaka uliofuata Serikali ilileta punda milia kwa malori kutoka Bonde la Ufa, ili simba wapate chakula chao na kuwaacha ng'ombe waliosalia. Na huko Kimana na Namelok, ambako chemchemi za mlima hunywesha mashamba ya vitunguu na nyanya, mkulima aweza kupoteza mavuno ya miezi minne kwa usiku mmoja.

Ndovu aliyejulikana sana kwa wizi wa namna hiyo aliitwa Tim. Alikuwa dume mkubwa ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, na wageni walitoka nchi za mbali ili wamwone. Mchana alikuwa mpole kabisa mbele ya motokaa. Usiku aliongoza madume vijana mashambani, naye alipata majeraha ya mkuki kwa sababu hiyo. Mwaka 2016 alivikwa ukanda shingoni wenye chombo cha kupeleka habari, ili askari wajue anapoelekea na kumfukuza kabla hajaingia katika mahindi ya mtu. Ukanda ule ulimlinda Tim, na vilevile uliwalinda wakulima. Alikufa Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, kwa mauti yake mwenyewe. Hakuuawa na mtu.

Sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 yasema kwamba jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria italipwa shilingi milioni 5, na aliyejeruhiwa akawa kilema cha kudumu milioni 3. Mazao na mifugo pia yametajwa. Mwenye madai yampasa kupeleka habari upesi kwa ofisi ya wanyama iliyo karibu, kabla alama za miguu hazijafutika, ili afisa aje kuona kwa macho. Kisha karatasi huenda kwa kamati ya kaunti, na kutoka hapo Nairobi. Malipo huchelewa sana, wakati mwingine miaka, na jambo hili limewavunja moyo watu wengi. Lakini dai lisiloandikwa halilipwi hata likingojewa.

Jambo lililo kubwa kuliko yote siku hizi ni ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1968 Wamasai wa huko walimiliki ardhi kwa makundi, na ndovu walipita katikati bila kukuta waya. Sasa ardhi ya makundi imekuwa ikigawanywa, na kila mtu apata hati yake. Mtu aliyepata hati yake hafanyi kosa akijenga, au akilima, au akiuza. Lakini viwanja vikizungushiwa waya kimoja baada ya kingine, ile mistari ya ndovu ya jioni haitakuwa na pa kupita. Kwa hiyo vyama vya kuhifadhi wanyama vimekuwa vikikodi viwanja vilivyo katika njia za ndovu, mwenye kiwanja akalipwa kila mwaka ili asilime wala asitie waya, na ng'ombe wake wakaendelea kulisha hapo. Wengine wamekubali. Wengine wamepiga hesabu, wakaona kwamba vitunguu vina faida zaidi.

Msafiri arudiye Nairobi kwa njia ya Emali hupita katika nchi hiyo hiyo. Apunguze mwendo, hasa jua likishuka, kwa sababu ndovu na twiga huvuka barabara ile ya lami, na dereva wa lori atokaye Loitokitok na nyanya usiku huenda asiwaone upesi. Akitazama kushoto na kulia ataona mabati mapya, nyaya mpya, na katikati yake mapengo mapana yenye nyayo. Hapo ndipo ndovu aliowaona asubuhi hupita.